Kabla ya Katana na Panga za Game of Thrones, Kulikuwa na Wazee wa Bukoba Tusiowajua Majina

Wadau, leo mastaa wapumzike kidogo. Zile stori za "msanii fulani" na "mke wa mtu fulani" zitarudi wiki ijayo, msiwe na presha. Leo nina watu wengine ambao pia sitawataja majina, ila safari hii sio kwa kuogopa kushtakiwa. Habari yao ilizunguka dunia nzima, ikaingia kwenye magazeti ya wazungu, na kwenye vichwa vya habari wao wakaitwa tu "wazee wa Kihaya". Basi.

Kabla sijafika kwao, tuanze na kitu ambacho wengi humu tunakipenda. Upanga. Sio panga la kukatia migomba, namaanisha UPANGA, ule mrefu wenye makali pande mbili, wa kwenye muvi.

Tangu Game of Thrones iingie mtaani mpaka ilipoisha 2019, na hizi anime zenye katana, kila kijana ana ndoto ya kutundika upanga ukutani. Wapo waliokwisha agiza mtandaoni. Hongereni. Lakini hebu niwaulize swali moja: upanga wako unakata?

UPANGA WA UKUTANI NA UPANGA WA KAZI

Huko duniani wanaouza replika za panga za kale wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza wanauza pambo. Unang'aa kinoma, una nakshi, una jiwe jekundu kwenye mpini. Ukiangalia ndani, ubapa wake ni chuma kile cha vijiko vya jikoni, kisichoshika kutu. Kwa kisu kifupi hakina shida sana, lakini kwenye upanga mrefu kinaweza kukatika ukipiga kitu kigumu. Halafu kuna msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Kwenye upanga wa mapambo msuka mara nyingi ni kijiti chembamba kama msumari kilichochomelewa. Ukiurusha kwa nguvu, unabaki na mpini mkononi na ubapa unampata jirani.

Kundi la pili wanauza replika ya kazi. Hii inatengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kutosha, kinapashwa moto, kinazimwa kwenye mafuta au maji ili kiwe kigumu, halafu kinapashwa tena kidogo ili kisiwe kama kioo. Makali yanakaa, ubapa unapinda na kurudi. Msuka wake ni mpana na unapita mpaka mwisho wa mpini. Ukisoma maelezo ya wauzaji utakuta namba kama 1060 au 1095. Usiogope, zile namba mbili za mwisho ni kaboni tu: 1060 ina kaboni asilimia 0.60 hivi, 1095 ina asilimia 0.95.

Na kuna namba nyingine inapendwa sana na wapiga panga wa Ulaya na Marekani: 5160. Ni chuma kigumu halafu hakivunjiki hovyo. Unajua kinatumika wapi zaidi? Kwenye springi za magari! Ndio, zile springi bapa za malori na Land Rover. Sasa fikiria fundi wa mtaani hapa Muleba au Bukoba mjini, anayechukua springi ya gari iliyokufa, anaitia motoni, anaifua mpaka inatoka panga au muhoro wa shambani. Mara nyingi yupo kwenye ukoo uleule wa chuma ambao mzungu analipia hela ndefu kuupata kwenye upanga wake wa replika. Tofauti ni kwamba yule wa Ulaya ana tovuti na video, huyu wetu ana kibanda cha bati na mteja anayebishana naye bei.

Ukishaelewa hiyo tofauti, pambo na kazi, utaelewa stori yote iliyobaki.

CHUMA CHA AFRIKA NDANI YA PANGA ZA ZAMANI

Wengi tunadhani zama za panga zilikuwa za Ulaya na Asia tu, sisi tulikuwa tumekaa. Sikilizeni. Kati ya mwaka 800 na 1000 hivi, Ulaya kulikuwa na panga zenye jina ULFBERHT limeandikwa kwenye ubapa. Zilikuwa brand kabisa. Baadhi zilikuwa na chuma safi sana, na mafundi wengine walipoona zinauzika wakaanza kuandika jina hilohilo kwenye panga zao za kichovu. Feki zilikuwepo tangu enzi hizo, wadau. Kariakoo haikuanzisha kitu.

Sasa njoo huku kwetu. Mwaka 1154 mwanajiografia mmoja Mwarabu, al-Idrisi, alimaliza kitabu chake kikubwa akiwa Sicily. Ndani yake akaandika kwamba watu wa Malindi wanachimba chuma na wanakiuza, ndio biashara yao kubwa. Akaandika pia kwamba chuma cha Sofala, kusini zaidi, kinapelekwa India, na mafundi wa India wanakisifu na kutengenezea panga. Kwa hiyo wakati Ulaya wapiganaji wamevaa nguo za chuma, chuma cha pwani yetu kilikuwa kinavuka bahari kwenda kuwa panga za watu. Wazee wa pwani mpaka leo wana neno lao kwa chuma kizuri cha upanga: feleji.

Sisemi chuma hicho kilitoka Kagera, maana ziwa letu na bahari ni mbali. Nasema hivi ili ujue kuwa kuyeyusha chuma hakukuwa kitu cha kuletewa na meli. Na ukiacha pwani ukaja upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, hapo ndipo penyewe.

KEMONDO NA KATURUKA

Kama umewahi kupanda basi la Bukoba kwenda Muleba, umepita Kemondo. Wengi wanapajua kwa bandari. Ila pembeni ya ghuba ile, chini ya ardhi, watafiti walichimba wakakuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Walipopima umri wa mkaa uliobaki, zikaonekana ni za kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Tanuri 13 walizozisoma zilikuwa zinafanana karibu kila kitu. Maana yake hawakuwa wanabahatisha. Palikuwa na njia inayojulikana, mtu anafundishwa, na yeye anafundisha.

Sehemu ya pili ni Katuruka, upande wa Maruku, Bukoba Vijijini. Hapa ndipo inaposimuliwa habari ya mfalme Rugomora Mahe wa Kyamutwara, aliyetawala karne ya 17. Wazee wanasema Rugomora aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Wakafua, wakajenga, ukapanda, mwisho ukaanguka na kuua watu. Na palikuwepo mti mkubwa sana uitwao Kaiija, jina linalomaanisha mahali pa kufulia chuma.

Ungekuwa wewe ni msomi kutoka nje ungesema hizo ni hadithi za jioni. Mtafiti mmoja Mmarekani, Peter Schmidt, hakusema hivyo. Alikaa na wazee, akawasikiliza, wakamwonyesha sehemu: hapa ndipo walipofulia. Mwaka 1970 akachimba palepale. Chini akakuta shimo la kazi ya chuma, mkaa na mabaki ya uhunzi. Umri wake ukazidi sana wa Rugomora, baadhi ya vipimo vikarudi nyuma miaka 2,000 na zaidi, ingawa wataalamu bado wanabishana kuhusu vile vya zamani kabisa.

Hebu tulia hapo kidogo. Watu wasioandika kitabu hata kimoja walibeba kumbukumbu ya sehemu moja ya kazi, kizazi kwa kizazi, na walipoambiwa waonyeshe, wakaonyesha. Wewe unakumbuka password yako ya Instagram?

1976: REPLIKA YENYEWE

Sasa tunafika kwa wazee wetu wasiotajwa.

Wahaya waliacha kuyeyusha chuma miaka ya 1920 hivi. Sababu haina siri: majembe na vyuma vya Ulaya vilikuja kwa bei rahisi. Kuyeyusha chuma kunataka miti, mkaa, mawe ya chuma, vijana wa kuvuta mivukuto na siku nyingi za kazi. Dukani unatoa hela unabeba jembe. Hata ungekuwa wewe ungeenda dukani. Uhunzi wa kufua ukabaki, kwa sababu vyuma chakavu vipo, lakini ule ujuzi wa kutoa chuma kwenye jiwe ukalala. Waliokuwa vijana wakati huo wakazeeka nao kichwani.

Mwaka 1976 Schmidt na mtaalamu wa vyuma Donald Avery, wote wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee hao wajenge tanuri upya na kuyeyusha chuma kama walivyokuwa wanafanya. Karibu miaka 50 imepita. Hakuna mchoro wala mwongozo wa YouTube, kuna vichwa vya wazee na mikono yao.

Wakachimba shimo kama bakuli, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, maana udongo wa mchwa unavumilia moto. Ndani wakachoma majani ya kinamasi, yasiungue yote bali yabaki meusi yamejaa shimo. Juu yake wakajenga tanuri lenye umbo la pia iliyogeuzwa, urefu kama mita moja na nusu, kwa udongo na mavi ya chuma. (Msicheke. Mavi ya chuma ndio jina halisi la Kiswahili la yale makapi meusi yanayobaki chuma kikishayeyuka.) Pembeni wakapitisha mabomba nane ya udongo wa kuchoma, yakaingia ndani kabisa ya tanuri, na kila bomba likawa na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi nje. Juu wanamwaga mkaa na mawe ya chuma yaliyokwisha kuokwa. Halafu vijana wakae wavute. Saa baada ya saa. Ngoma za mivukuto zinapigwa kwa mdundo, na nyimbo juu.

Ujanja wote upo kwenye yale mabomba. Kwa kuwa yameingia mpaka ndani ya moto, hewa inayopita inapata joto kabla haijafika kwenye mkaa. Schmidt na Avery walisema joto lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi, juu kuliko tanuri za zamani za Ulaya zilizopuliziwa hewa baridi. Kiwandani Ulaya, kupasha moto hewa ya tanuri kulipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1828, aliipata Mskochi James Beaumont Neilson. Na yale majani meusi ya kinamasi nayo yana kazi: kaboni yake inaingia kwenye chuma na kukigeuza kuwa chuma cha pua, kile chenye uwezo wa kushika makali.

Mwezi Septemba 1978 wakachapisha matokeo kwenye jarida la Science la Marekani. Magazeti yakalipuka.

Sasa hapa niwe mkweli kwenu, maana humu mitandaoni kuna post inazunguka inasema Wahaya ndio wa kwanza DUNIANI kutengeneza chuma cha pua. Hapana. India na sehemu nyingine walikuwa nacho zamani pia. Na hata hiyo hoja ya hewa kupashwa moto, wapo wataalamu wengine waliobisha, wakasema hewa haipati joto kubwa kiasi hicho ndani ya bomba. Mabishano ya kisayansi ni kawaida. Kisichobishaniwa ni hiki: wazee walijenga tanuri kwa kumbukumbu, na chuma kikatoka. Sifa hiyo inatosha, haihitaji chumvi.

Hiyo ndio naiita replika ya kazi. Wewe ukinunua upanga wa replika umenakili kitu kilichokwisha tengenezwa. Wale wazee walinakili kazi yenyewe, tangu kutafuta udongo mpaka kulitoa pande la chuma motoni. Ukiniambia ipi ngumu, jibu unalo.

Na haikuwa kazi ya mikono tu. Kwa Wahaya tanuri lilikuwa kama mwanamke anayebeba mimba, na chuma ndio mtoto. Kulikuwa na dawa za kuweka chini ya tanuri, na wayeyushaji walitakiwa wasikutane na wanawake kipindi cha kazi. Kijana wa leo anaweza kucheka. Ila fikiria kazi ya siku nyingi, inayohitaji watu wengi wawe makini bila kulala nyumbani. Ile miiko iliwaweka wote pamoja mpaka mtoto azaliwe.

WAJAPANI WALIFANYA HIVYOHIVYO, MWAKA MMOJA BAADAYE

Sasa sikilizeni hii maana ndio iliyonifanya niandike.

Katana zote mnazozishangaa, za kweli, zinatengenezwa kwa chuma kinachoitwa tamahagane. Kinatoka kwenye tanuri la udongo liitwalo tatara, kwa mchanga wa chuma na mkaa wa miti. Nao Wajapani waliacha tatara za biashara miaka ya 1920, kwa sababu ileile: chuma cha viwandani kilikuwa rahisi. Likarudi kidogo kipindi cha vita, vita ilipoisha 1945 likazimwa tena. Mafundi wa panga wakawa wanaishiwa chuma, na wazee wa tatara wanaondoka mmoja mmoja.

Mwaka 1977 chama cha kuhifadhi panga cha Japani kikalifufua tatara huko Okuizumo, mkoa wa Shimane. Wakawachukua wazee waliobaki wenye ujuzi, wakawapa vijana wa kuwafundisha.

1976 Kagera, 1977 Japani. Mwaka mmoja! Wazee wa kule na wazee wa huku, wote wamekaa na ujuzi wa miaka ya ujana wao, wote wameombwa wauonyeshe tena.

Leo tatara la Okuizumo bado linawashwa kila msimu wa baridi. Moto mmoja unakwenda siku tatu mchana na usiku, unakula karibu tani 10 za mchanga wa chuma na tani 12 za mkaa. Chuma kinachotoka wanauziwa mafundi panga wenye leseni nchi nzima. Wale waliokuwa wanafunzi 1977 wamekuwa walimu.

Na la kwetu? Jibu mnalijua. Baada ya utafiti, moto ulizimwa.

KWANINI WAO WALIENDELEA?

Rahisi kusema "Waafrika hatuthamini vya kwetu". Mimi hiyo kauli siipendi, imekuwa ya kila mtu asiyetaka kufikiri. Angalieni kalenda.

Makala ya Science imetoka Septemba 1978. Mwishoni mwa Oktoba 1978, mwezi mmoja tu baadaye, majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kuingia Kagera. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Nani kipindi hicho angekuwa anawaza tanuri?

Vita ikaisha 1979. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania wakagundulika, wapi? Kagera. Hapa nyumbani watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kinatamba. Ulichokifanya ule ugonjwa Bukoba na Muleba, kila familia ina orodha yake. Kizazi cha katikati kilikatwa. Babu akabaki na wajukuu. Yule baba ambaye angepokea ujuzi kwa mzee na kumpa mtoto, kaburi lake lipo nyuma ya nyumba kwenye migomba. Mzee akawa anawaza wajukuu watakula nini, sio namna ya kukandika kichuguu.

Kwa hiyo tusiwatukane wazee wala wazazi wetu. Mnyororo ulikatwa na vitu vizito.

Ila kuna sababu ya pili, na hii ndio inatuhusu sisi tuliopo. Kule Japani tatara lilifufuliwa kwa sababu kulikuwa na mtu anayesubiri kile chuma. Fundi panga alikihitaji Jumatatu asubuhi. Mnunuzi wa upanga alikuwepo. Huku kwetu tanuri la 1976 lilijengwa kwa ajili ya swali la kisayansi. Swali likajibiwa, vipande vikapelekwa maabara, kitabu kikaandikwa, filamu ikatoka (inaitwa The Tree of Iron, ya 1988). Vyote vizuri, na bila hivyo nisingekuwa na cha kuwaandikia leo. Lakini hakukuwa na fundi wa Kamachumu au Kanyigo anayesema "nipeni hicho chuma nina oda ya mikuki mitano".

Sifa ya gazeti ni kama upanga wa ukutani. Inang'aa, wageni wanaishangaa, ila msuka wake ni mwembamba. Haihimili kazi.

SASA TUFANYEJE, AU TUENDELEE KULIKE TU?

Watu wa Katuruka hawakukaa kimya. Wanakijiji wenyewe walijipanga, wakafufua eneo lao la kihistoria na kuweka makumbusho ya kijiji. Wapo hapo Maruku, sio mbali na mjini. Kama unaweza kwenda Musira kupiga picha kwenye mawe, Katuruka pia unaweza. Nenda usikilize stori ya mnara wa chuma ukiwa umesimama penyewe. Na toa kiingilio bila kubishana, maana hela ile ndio mkaa wa tanuri.

Pili, yule fundi wako wa springi za gari. Vijana kibao humu mnaagiza upanga wa mapambo kutoka nje, unakaa wiki nyingi njiani, ukifika hauwezi kukata hata ndizi. Mpelekee fundi picha. Mwambie nataka mkuki wa Kihaya, au kisu kama cha babu, msuka upite mpaka mwisho. Mlipe bei ya kazi. Hoteli na kumbi zetu za Bukoba zinapamba na mikuki ya plastiki kwenye harusi za kimila, jamani, nyumbani kwa wahunzi! Oda tano tu kwa mwezi zinaweza kumshawishi kijana mmoja akae kibandani na mzee badala ya kukimbilia bodaboda.

Tatu, na hii haina gharama. Ukilima au kuchimba msingi wa nyumba, iwe Kemondo, Muhutwe, Ihangiro au popote, ukikutana na vipande vyeusi vizito vyenye vitobo kama sponji, au vipande vya bomba la udongo lililoungua, usivitupe barabarani kuzibia mashimo. Inawezekana umelala juu ya tanuri la miaka 1,000. Piga picha palepale bila kuchimba zaidi, toa taarifa ofisi ya kijiji au kwa watu wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo usije ukamuuzia mtu ukaingia matatani.

Nne, muulize babu yako. Bibi pia. Waliovuta mivukuto wenyewe tumeshawapoteza, ila wapo watoto wao waliokuwa wanaangalia 1976, leo ni wazee. Washa kurekodi kwenye simu, uliza: mawe ya chuma yalichukuliwa kilima gani? Mti gani ulifaa kwa mkaa? Nani alikuwa anaimba? Jina lake nani?

Hilo la mwisho ulize vizuri. Yule fundi wa Ulaya wa miaka 1,000 iliyopita tunamjua kwa jina la Ulfberht, kwa sababu tu lilipigwa kwenye ubapa. Wa kwetu walipiga chuma, hawakupiga jina. Wewe una simu, una bando, kazi ya kuandika jina imebaki kwako.

Kama kwenu kuna ukoo wa wahunzi, dondosha hapo chini: kijiji gani, na mzee aliitwa nani kama familia inaridhia kutajwa. Na kama unamjua fundi wa Muleba au Bukoba anayefua mikuki na visu vya kazi, sema yupo soko gani watu wampelekee oda. Nitazisoma zote, na nitaweka orodha wiki ijayo kabla hatujarudi kwa "msanii fulani".